NAMBA 2147483647: NAMBA TASA ILIYONIUMBUA MTAANI

Leo siasa naziweka pembeni, tuongelee hesabu. Najua kuna watu wakisikia neno hesabu tu wanafunga ukurasa, lakini subiri kidogo, dakika za kafe si umeshalipia? Halafu namba yenyewe inawezekana ipo humo humo ndani ya kompyuta uliyokaa mbele yake. Hii hapa:

2147483647

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne, themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Ukiiangalia haina mvuto wowote. Hata mimi nisingeijua kama isingeniumbua mbele za watu.

Ilikuwa hivi. Nimemaliza shule, kazi sina, nikawa najifundisha programu mwenyewe kafe kidogo kidogo. Kikundi cha kuweka na kukopa mtaani kwetu wakasikia kuna kijana anajua kompyuta, wakaniomba niwawekee orodha ya wanachama. Watu 43: jina, kiasi alichoweka, namba ya simu. Nikatengeneza kanzidata yangu, nikakesha naingiza majina, tena namba za simu nikaziandika kwa mbwembwe zikianza na 255. Karatasi za zamani nikawaambia tupeni, sasa hivi tuko kisasa.

Alhamisi nikampelekea mama mweka hazina aikague. Jumamosi ilikuwa siku ya kugawana hela, na hela zinatumwa kwa simu. Mama akavaa miwani, akasoma, akasoma tena.

"Mwanangu, mbona watu wote hawa wana simu moja?"

Nikaangalia. Kweli bwana! Wanachama 43, wote namba 2147483647. Hakuna aliyeiandika namba hiyo, si mimi, si wao. Nikatamani ardhi ipasuke. Ijumaa nzima mimi na yule mama tulizunguka nyumba kwa nyumba na daftari, jua kali, kila mlango namba naeleza upya kosa langu. Wawili walikuwa wamehama, wakapata hela zao wiki mbili baadaye, na maneno nikayapata mimi.

Baada ya hapo nikasema lazima nijue hii namba imetoka wapi. Nilichokikuta ni kitamu kuliko nilivyotegemea, ndo maana nawaletea.

KWANZA: NI NAMBA TASA

Tukumbushane darasani. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. 7 ni tasa. 13 ni tasa. 15 siyo, maana ni 3 mara 5. Sasa 2147483647 ni tasa pia. Chukua namba yoyote kuanzia 2 mpaka 2147483646, jaribu kuigawa nayo: hakuna hata moja itakayoingia bila kuacha baki.

Lakini siyo tasa ya hivi hivi. Ina umbo. Fikiria unaweka akiba kwenye kibubu mwezi wa siku 31, mfano Januari. Tarehe moja unaweka shilingi 1. Tarehe mbili, shilingi 2. Tarehe tatu, shilingi 4. Kila siku unaongeza mara mbili ya jana. Tarehe 10 unaweka shilingi 512, bado ni mchezo. Tarehe 21 unatakiwa kuweka zaidi ya milioni moja, hapo mchezo umeisha. Tarehe 31 unatakiwa kuweka shilingi 1073741824. Sasa vunja kibubu uhesabu. Jumla utakuta shilingi 2147483647 kamili!

Siri ni kwamba jumla ya kila siku huwa pungufu kwa shilingi moja tu ya kile utakachoweka kesho. 1+2+4 ni 7, kesho yake ni 8. Kwa hiyo jumla ya siku 31 ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 31, halafu utoe 1. Tuiandike 2^31 − 1.

Namba za aina hii zikiwa tasa zinaitwa namba tasa za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa. Mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo ambavyo aliamini vinatoa namba tasa, na 31 ilikuwemo. Orodha yake ilikuwa na makosa: 67 na 257 aliziweka wakati hazitoi tasa, halafu 61, 89 na 107 akazisahau. Ila kwenye 31 alipatia. Ni ya nane kwenye mstari, baada ya vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17 na 19.

KWANINI 31 NA SIYO 30?

Swali zuri. Kompyuta huandika namba kwa 0 na 1 tu. Namba yetu ikiandikwa hivyo inakuwa 1 thelathini na moja mfululizo, hakuna sifuri hata moja katikati. Sasa kumbuka kitu unachokijua tayari: 999999 inagawanyika kwa 99, kwa sababu unaweza kuikata 99, 99, 99. Vile vile inagawanyika kwa 999. Moja za kompyuta nazo hivyo hivyo. Zikiwa sita, unazikata makundi ya mbili mbili au tatu tatu, na kila kundi linakupa kigawo. Ndo maana 2^6 − 1, yaani 63, inagawanyika kwa 3 na kwa 7.

Kwa hiyo kipeo kikigawanyika, na namba inagawanyika. 31 ni tasa, haikatiki makundi yaliyo sawa, basi njia hiyo ya kuivunja imefungwa.

Ila angalia usidanganyike! Kipeo kuwa tasa siyo tiketi. 11 ni tasa, lakini 2^11 − 1 ni 2047, na 2047 ni 23 mara 89. Kwa hiyo kwa 31 ilibidi mtu akae chini athibitishe.

MZEE ASIYEONA ALIYEIMALIZA

Mtu huyo ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akiishi Saint Petersburg, Urusi. Mwaka 1772 alimwandikia barua mwenzake Daniel Bernoulli akimweleza kwamba 2^31 − 1 ni tasa. Wakati huo Euler alikuwa na miaka zaidi ya sitini na macho yake yalikuwa karibu yamekufa kabisa. Jicho la kulia liliharibika zamani, la kushoto likapata mtoto wa jicho. Kazi nyingi alizifanya kichwani, wengine wakamwandikia. Sisi wenye macho mawili na kompyuta tunalalamika hesabu ngumu.

Alifanyaje? Angalia ujanja wake, kila hatua inapunguza kazi.

Hatua ya kwanza, vigawo hutembea wawili wawili. Kama namba ina kigawo kikubwa, lazima kuwe na kidogo upande wa pili. Kwa hiyo inatosha kujaribu mpaka kipeuo cha pili. Cha namba yetu ni 46340 na kidogo. Kati ya namba zote mpaka hapo, tasa ni karibu 4,800. Kugawa kwa mkono mara 4,800? Inachosha, tena ukikosea mara moja yote bure.

Hatua ya pili, kuna sheria: kigawo tasa cha 2^31 − 1 ni lazima kiwe kizidishe cha 62 ukiongeza 1. 62 ni mara mbili ya 31. Ijaribu sheria hii kwenye 2047, ambayo kipeo chake ni 11: vigawo vyake lazima viwe kizidishe cha 22 ukiongeza 1. 23 ni 22 na 1. 89 ni 88 na 1. Umeona? Hapo namba za kujaribu zinashuka mpaka 747 tu.

Hatua ya tatu, kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Ukichanganya sheria hizi mbili zinabaki namba 373: zile ambazo zikigawanywa kwa 248 zinabakiza 1 au 63.

Hatua ya nne, toa zile ambazo zenyewe siyo tasa. 63 nje, ni 7 mara 9. 249 nje, ni 3 mara 83. Inayofuata ni 311, hiyo ni tasa, hiyo ndo ya kujaribu kweli. Toa simu yako ugawe: 2147483647 kwa 311 unapata 6905092, baki 35. Haiingii. Mpaka mwisho wa safari zipo kama hizo chini ya mia moja. Hakuna iliyoingia. Kazi imeisha, ni tasa.

Kutoka majaribio 4,800 mpaka chini ya mia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hesabu siyo kupiga namba kwa nguvu, ni kujua kipi huna haja ya kukipiga.

Namba hii ikakaa kwenye kiti cha namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana kwa zaidi ya miaka sabini. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika, kuhusu namba timilifu inayotokana nayo, kwamba haielekei kuna mtu atakayehangaika kutafuta kubwa zaidi, maana hazina faida yoyote. Mwaka 1876 Édouard Lucas wa Ufaransa akathibitisha 2^127 − 1, yenye tarakimu 39. Na Oktoba 2024 ikatangazwa 2^136279841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Usitabiri mambo ya watu jamani.

INAZAA NAMBA TIMILIFU

Chukua 6. Vigawo vyake ukiiacha yenyewe ni 1, 2 na 3. Jumlisha: 6. Chukua 28: 1+2+4+7+14 ni 28. Namba inayojumlishwa na vigawo vyake ikajirudia yenyewe ni namba timilifu, na ni adimu sana. Wagiriki walijua tangu enzi za Euclid kwamba kila tasa ya aina yetu inazaa moja. Ya kwetu unaizidisha na 1073741824, ile hela ya tarehe 31 kwenye kibubu. Inatoka 2305843008139952128, timilifu ya nane.

Kingine. 3 ni tasa, na 2^3 − 1 ni 7, tasa. 2^7 − 1 ni 127, tasa. 2^127 − 1, ile ya Lucas, tasa. Sasa mtu anaweza kujiuliza, na tukiweka namba yetu yenyewe kuwa kipeo? Yaani 2^2147483647 − 1? Hiyo ni namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 646, hata kuiandika huwezi. Lakini tunajua SIYO tasa, kwa sababu inagawanyika kwa 295257526626031. Na kigawo hicho kinafuata sheria ile ile aliyoitumia Euler: ni mara mbili ya namba yetu, zidisha 68745, ongeza 1. Namba ambayo hakuna atakayeisoma mpaka mwisho, tumeikamata kwa sheria ile ile!

SASA KOMPYUTA INAIFANYIA NINI

Hapa ndo penye kesi yangu. Kwa miaka mingi kompyuta zimekuwa zikitunza namba kwenye visanduku vya biti 32. Biti ni nafasi moja ya 0 au 1. Biti moja inatumika kuonyesha kama namba ni hasi au chanya, zinabaki 31. Ukizijaza zote 1 unapata nini? Moja thelathini na moja mfululizo. 2147483647. Ndo namba kubwa kuliko zote inayoingia.

Namba ya simu inayoanza na 255 ina tarakimu 12, ni zaidi ya bilioni mia mbili. Haiingii hata kwa kusukuma. Kanzidata niliyotumia ilikuwa toleo la zamani, yenyewe ikikuta namba haiingii haigomi, inaweka kubwa kuliko zote inayoweza, inanyamaza. Watu 43, wote wamegonga dari moja. Matoleo mapya ukifanya hivyo yanakataa na kukuambia umekosea, bora hivyo.

Kosa lilikuwa langu. Namba ya simu siyo namba kwa maana ya hesabu. Nani anajumlisha simu ya mama na simu ya mjomba? Simu iandike kama maandishi. Halafu ukiiweka kama namba hata ile 0 ya mwanzo inapotea.

Siko peke yangu. Desemba 2014 YouTube walieleza kwamba video ya Gangnam Style imetazamwa kupita 2147483647, wakapanua kisanduku kuwa cha biti 64. Kikomo kipya ni 2^63 − 1, na kichekesho ni kwamba hicho siyo tasa: 63 inakatika makundi, kwa hiyo kinagawanyika kwa 7. Mwaka 2015 nako mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, kwa sababu kihesabio ndani ya mitambo ya umeme kingejaa ndege ikiwashwa siku 248 mfululizo. Piga hesabu: sehemu za mia za sekunde 2147483647 ni siku 248 na nusu.

Na kubwa zaidi liko mbele yetu. Mifumo mingi inahesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Kwenye kisanduku cha biti 32, sekunde zitajaa tarehe 19 Januari 2038, Jumanne, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata namba inageuka hasi na kompyuta inadhani ni Desemba 1901. Kompyuta za biti 64 hazina shida hiyo, na Linux tangu 2020 imewekewa dawa hata kwa mashine za biti 32. Wasiwasi ni mitambo midogo iliyofungwa mahali ikasahaulika, na programu za zamani tunazorithi bila kuuliza.

FAIDA YAKE YA UTASA

Msije mkasema ni balaa tu. Ukitaka kompyuta ichanganye karata kwenye gemu, inahitaji namba zinazoonekana za bahati nasibu. Angalia kwa 7: anza na 1, zidisha kwa 3, ukizidi 7 chukua baki. Unapata 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1 tena. Zote sita zimepita, zimechanganyika. Jaribu kwa 8, ambayo siyo tasa: 1, 3, 1, 3. Imekwama.

Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza kufanya hivyo kwa 2147483647, ukizidisha kwa 16807. Inapita namba zote kuanzia 1 mpaka 2147483646 kabla ya kujirudia. Bila utasa isingewezekana kuzimaliza zote. Ila usiitumie kutengeneza neno la siri! Anayejua namba moja anaijua inayofuata.

Basi wadau, ndo hivyo. Barlow alisema hazina faida. Mimi naijua gharama yake kwa miguu, Ijumaa ile ya jua. Ukitengeneza orodha ya watu, ikague kabla hujatupa karatasi, na ukiiona 2147483647 mahali isipotegemewa usishangae, kuna kitu kimejaa.

Mwenye swali au nyongeza aweke kwenye maoni hapo chini, na nikikosea hesabu mnirekebishe bila matusi. Tuko pamoja.